Tuujue mtandao kwanza, ndipo tulipie mtihani wa usalama wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme neno juu ya jambo linalowagusa vijana wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe waliohitimu masomo ya Tehama, pamoja na wazazi wanaowalipia. Matangazo ya kozi za usalama wa mitandao yamejaa siku hizi kwenye nguzo za umeme kuanzia Kabwe hadi Mwanjelwa, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu hayakosekani, yakiahidi kwamba kijana asiye na msingi wowote atageuka mtaalamu kwa wiki chache na kuondoka na cheti cha kimataifa. Sina ugomvi na vyeti vyenyewe, kwa kuwa vingi vimetungwa na watu wanaoijua kazi. Ninachopinga ni mtindo wa kulipa kwanza na kujifunza baadaye, na ule wa kuchagua cheti kwa kuwa jina lake linavuma, bila kuuliza kitamsaidia nini mtu anayetafuta ajira Mafinga, Makambako au Tunduma.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, na ofisini kwetu huwa tunapokea wanafunzi wa vyuo wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mmoja wao alikuja akiwa ametoka kumaliza kozi ya usalama. Alizitaja bila kusita nguzo tatu za usalama wa taarifa, yaani usiri, uadilifu na upatikanaji, na akaeleza vizuri kabisa tofauti ya usimbaji fiche wa ufunguo mmoja na ule wa funguo mbili. Wiki hiyo hiyo kompyuta ya mapokezi ikagoma kutuma kazi kwenye printa. Kompyuta ilikuwa na anwani 192.168.10.20 na printa 192.168.10.200, ila aliyeipanga kompyuta alikuwa ameandika maski ya subneti 255.255.255.128 mahali pa 255.255.255.0. Kwa maski hiyo kompyuta inahesabu kwamba mtandao wake unaishia kwenye 127, hivyo printa yenye 200 inaiona kama iko mtandao mwingine, na paketi zake, yaani vipande vya data, inazipeleka kwa ruta, ambayo kwa upande wake haikuwa imepangwa kuzirudisha humo humo. Kijana alizitazama tarakimu zile kwa muda, kisha akashauri tuchunguze kama printa imeingiliwa na wadukuzi. Simlaumu hata kidogo, maana alifundishwa kulinda kitu ambacho hakuna aliyemfundisha kinavyofanya kazi.

Cheti kinachotajwa zaidi kwenye matangazo hayo ni Security+ cha CompTIA, watunga mitihani ya Tehama wa Marekani, na ni haki kueleza kwanza kilivyo. Toleo lake la sasa, SY0-701, lilitoka Novemba 2023. Mtihani una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, yakiwemo ya vitendo ambayo humtaka mtahiniwa apange vifaa au asome kumbukumbu za mfumo kwenye skrini, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Asilimia 28 ya mtihani inahusu shughuli za kila siku za ulinzi, asilimia 22 vitisho na udhaifu wa mifumo, na asilimia 20 usimamizi, sera na tathmini ya hatari. Ni silabasi pana na nzuri. Lakini watungaji wenyewe wanapendekeza mtahiniwa awe na maarifa ya kiwango cha Network+, cheti chao cha mitandao, na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, sentensi ambayo sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote la nguzoni. Pendekezo hilo si sharti, na wapo wanaofaulu bila uzoefu huo. Hata hivyo linatuambia mtihani ulitungwa ukimfikiria mtu gani.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wetu hawaambiwi. Sehemu kubwa ya sifa za Security+ inatoka Marekani, ambako Wizara ya Ulinzi iliweka utaratibu, tangu mwaka 2005, wa kuwataka watumishi na wakandarasi wanaogusa mifumo yake wawe na vyeti vilivyoidhinishwa, na Security+ ni mojawapo. Mkandarasi wa huko asipokuwa na kimojawapo cha vyeti hivyo anaweza kunyimwa kazi. Kwa hiyo kijana aliyekaa Soweto ya Mbeya akitazama video za Wamarekani wakisema kwamba cheti hicho hufungua milango, anasikiliza ushauri wa kweli kuhusu milango ya nchi nyingine. Hapa kwetu dirisha la kutazama ni matangazo ya kazi ya benki, kampuni za simu, hospitali, vyuo na mashirika, na nimewashauri wote wanaoniuliza wayakusanye ya miezi kadhaa, wayaweke kwenye daftari, na wahesabu wenyewe ni vyeti gani vinatajwa na kwa kazi ipi. Zoezi hilo halina gharama na linamaliza ubishi mwingi.

Cheti cha pili kinachovuma ni Certified in Cybersecurity cha ISC2, taasisi ya kimataifa ya wataalamu wa usalama wa mitandao, ambacho wengi wanakiita CC. Taasisi hiyo ilikizindua mwaka 2022 ikitangaza kwamba itawapa watu milioni moja mafunzo na mtihani bila malipo, na kwa ahadi hiyo kikaenea haraka. Hakidai uzoefu wowote. Mtihani ni wa saa mbili, alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1000, na maeneo yake ni matano: kanuni za usalama, kuendeleza shughuli wakati wa maafa na kushughulikia matukio, udhibiti wa nani anaingia wapi, usalama wa mtandao, na uendeshaji wa ulinzi. Kwa aliyesomea uhasibu, utunzaji wa kumbukumbu au utawala, na anayetaka kuelewa lugha ya fani hii, sioni cha kumfaa zaidi. Lakini neno bure lisikilizwe kwa makini, kwa sababu aliyefaulu hapati cheti mpaka alipe ada ya mwaka ya dola 50, na ada hiyo hurudi kila mwaka kwa muda wote anaotaka kuendelea kujiita mwenye cheti, juu ya kukusanya alama 45 za mafunzo endelevu katika kila miaka mitatu.

Security+ nayo huisha baada ya miaka mitatu, na kuihuisha kunadai alama 50 za mafunzo au kufanya mtihani mwingine, pamoja na ada. Mzazi anayeuza gunia za viazi ili kumlipia mtoto ana haki ya kujua kwamba cheti hiki kina kodi ya pango, tofauti na cheti cha kidato cha nne ambacho akishakipata kinabaki kuwa chake.

Sasa niseme ninachokiamini mimi. Kwa kijana anayetaka kufanya kazi katika mikoa yetu, msingi bora ni silabasi ya CCNA ya Cisco, kampuni inayotengeneza vifaa vya mitandao, hata kama hatafanya mtihani wenyewe. Nasema hivyo nikijua kwamba CCNA ni cheti cha mitandao, na kwamba katika mtihani wake wa dakika 120 misingi ya usalama imetengewa asilimia 15 tu. Hizo asilimia 15 lakini ndizo zinazogusa kazi halisi ya ofisi zetu. Humo mtu anajifunza kufunga poti zisizotumika za swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, na kumzuia mfanyakazi asichomeke ruta yake aliyonunua dukani kwenye swichi ya ofisi ikaanza kugawa anwani za ovyo kwa kompyuta zote. Humo pia kuna kuandika orodha za ruhusa zinazoamua nani afike kwenye seva ipi, na kupanga WiFi kwa WPA2 au WPA3, viwango vya ulinzi wa WiFi. Asilimia 85 zinazobaki zinamweleza mtandao unaolindwa umekaaje.

Chukua nyumba ya wageni pale Iringa inayopokea watalii wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha. Ina WiFi ya wageni, kamera za ulinzi na kompyuta ya mhasibu, na mara nyingi vyote vitatu viko kwenye swichi moja, mtandao mmoja, pengine hata neno la siri moja lililoandikwa kwa kalamu ukutani mapokezi. Anayejua kuunda VLAN tatu, yaani mitandao mitatu iliyotengwa ndani ya swichi hiyo hiyo, na kuandika kanuni chache kwenye ruta anawatenga wageni na vitabu vya hesabu kwa kazi ya alasiri moja. Aliyekariri tafsiri ya mashambulizi arobaini ya kimtandao, na swichi hajawahi kuigusa, ataandika ripoti nzuri yenye rangi nyekundu na njano, na mgeni wa chumba namba sita ataendelea kuiona kompyuta ya mhasibu.

Tena mwajiri wa huku haajiri mtu wa usalama peke yake. Saccos, shule, zahanati kubwa, kiwanda cha chai au ofisi ya wakala wa forodha pale Tunduma itaajiri mtu mmoja wa Tehama, na huyo huyo atavuta nyaya, atabadilisha wino wa printa, atahifadhi nakala rudufu na atalinda mtandao. Nafasi za wachambuzi wanaokaa mbele ya skrini usiku na mchana wakifuatilia mashambulizi ziko zaidi Dar es Salaam. Anayezilenga hizo, na ambaye mitandao tayari anaijua, namshauri Security+ bila kigugumizi. Anayeanza aanze na CCNA, au Network+ kama anaona CCNA imemzidi kimo, kisha aongeze cheti kimoja cha usalama. Kimoja kinatosha. Kuna pia mtihani mdogo wa Cisco wa usalama kwa mafundi wasaidizi, CCST, na kozi za awali za Fortinet ambazo mtu hujisomea bila malipo. Vyote ni vya kupasha misuli. CISSP, cheti cha ngazi ya juu cha ISC2 ambacho baadhi ya vituo vinawauzia wanafunzi wa diploma, inadai uzoefu wa miaka mitano wa kazi ya kulipwa, na kwa anayeanza si ya kufikiria kabisa.

Nije kwenye fedha. Mtihani wa CCNA ni dola 300, ambazo kwa shilingi zinazidi laki saba, na Security+ kwa bei ya Marekani inapita dola 400, yaani karibu milioni moja au zaidi. Bei za CompTIA hutofautiana nchi na nchi, hivyo mtahiniwa aangalie mwenyewe bei ya Tanzania kwenye tovuti ya watungaji kabla ya kumkabidhi mtu wa kati fedha zake. Anayeshindwa hulipa upya. Kwa hiyo ada ya mtihani iwe shilingi ya mwisho kutoka mfukoni, itoke siku ambayo mtu amekwisha kupata alama za juu mfululizo katika majaribio ya mazoezi asiyoyajua, na anaweza kueleza kila jibu alilolikosa.

Kuhusu kusoma, kitu cha kwanza ni waraka wa malengo ya mtihani. CompTIA, Cisco na ISC2 wote wanauweka mtandaoni bure, na ndani yake kila mada imeorodheshwa. Uchapishwe, ubandikwe ukutani, na mada iwekewe alama siku ile tu mtu anapoweza kumfundisha mwenzake kwa Kiswahili bila kutazama daftari. Naona wengi wanakimbilia kitabu kabla ya waraka huu, na steshenari zilizo karibu na vyuo bado zinauza kopi za vitabu vya Security+ ya toleo la SY0-601, mtihani uliofungwa Julai 2024. Kopi hizo ni rahisi na zimejaa mambo ambayo bado ni kweli, ila anayezitegemea atakutana na mpangilio mwingine kabisa katika chumba cha mtihani.

Kitu cha pili ni maabara, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Packet Tracer hutolewa bure kwa aliyejiandikisha Cisco Networking Academy, na kompyuta mpakato ya kawaida inaiendesha bila shida; humo mtu anaunda ruta na swichi za kuigiza, anazivuruga na kuzitengeneza. Mwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8 anaweza kuweka programu ya VirtualBox na kuendesha kompyuta pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza, ndani yake. Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni hili: kompyuta pepe ya kwanza iendeshe Telnet, huduma ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, ya pili iingie kwa jina na neno la siri, na Wireshark, programu ya kunasa na kusoma paketi, iwe inasikiliza katikati. Mwanafunzi anafungua mazungumzo yale kwenye Wireshark na anaona neno la siri lake likipita herufi moja moja, wazi, kama lilivyoandikwa. Kisha tunazima Telnet, tunawasha SSH, mbadala wake unaosimba mazungumzo, tunarudia, na safari hii anaona utaratibu wa kukubaliana funguo ukifuatiwa na takataka zisizosomeka. Zana zote hizo ni za bure, na zoezi zima halimalizi saa moja. Sijakutana na mwanafunzi aliyelifanya akahitaji kukariri tena kwa nini poti 22 ya SSH inapendelewa kuliko poti 23 ya Telnet.

Mafaili ya kusakinisha ni makubwa, na bando la mwanafunzi ni dogo. Mmoja kwenye kundi la wanne au watano ayapakue usiku au kwenye WiFi ya chuo, wengine wayachukue kwa flashi. Kundi la namna hiyo lina faida nyingine, nayo ni lugha. Mitihani hii haiko kwa Kiswahili, na maswali yake mengi hayamwulizi mtu jibu lililo sahihi. Yanamwuliza jibu lililo bora zaidi, au hatua ya kuanza nayo, katika orodha ambayo majibu mawili au matatu yote ni sahihi. Kompyuta imeambukizwa programu hasidi: je, unaanza kwa kuichomoa kwenye mtandao, kuifuta, au kuiarifu menejimenti? Yote yatafanyika, lakini swali ni la mpangilio, na anayesoma Kiingereza kwa haraka hulipita neno linalobeba swali zima. Kubishana juu ya maswali kama hayo kwa Kiswahili, kisha kulisoma swali tena kwa Kiingereza polepole, kunasaidia kuliko kutazama video ya kumi.

Ndipo linapoingia suala la mapepa. Yapo mafaili yanayouzwa kwa siri yakidaiwa kuwa maswali halisi ya mtihani. Kila mtahiniwa hukubali masharti kabla ya kuanza, na anayebainika kutumia mapepa hayo anaweza kufutiwa matokeo na kufungiwa. Sitaki kuhubiri zaidi ya hapo, kwa sababu mwenye kufaulu kwa njia hiyo hugundulika mapema mno, siku ya kwanza anapokabidhiwa swichi.

Wanaojifunza udukuzi wa kujilinda wana hatari yao pia. Kijana anasakinisha Kali Linux, mfumo wenye zana za udukuzi, jioni, na kufika usiku anakagua WiFi ya chuo au ya jirani ili aone kilichomo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Kusema kwamba nilikuwa nasomea mtihani si utetezi ambao ningependa kuujaribu mbele ya hakimu. Mazoezi yafanyike ndani ya kompyuta pepe zako mwenyewe. Anayetaka kujaribu Nmap, zana ya kukagua mitandao, nje ya nyumba yake, watengenezaji wake wameweka seva ya scanme.nmap.org na kutoa ruhusa ya kuikagua kwa kiasi.

Siku ya mtihani ina mambo yake kwa sisi tulio mbali. Mitihani hii mitatu, Security+, CCNA na CC, inasimamiwa kupitia Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani. CompTIA na Cisco huruhusu kufanyia nyumbani chini ya usimamizi wa kamera, wakati ISC2 humtaka mtahiniwa afike kituoni. Kufanyia nyumbani kunavutia kwa aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, lakini chumba kinapaswa kuwa na mtu mmoja tu, mtu mwingine akiingia mtihani unaweza kusitishwa, na umeme ukikatika katikati mtahiniwa anaingia kwenye mlolongo wa malalamiko kwa Kiingereza. Mwenye chumba cha kupanga chenye majirani wengi na umeme wa kubahatisha afikirie nauli ya basi kama sehemu ya ada. Jina alilojiandikisha nalo lazima lilingane na lililo kwenye kitambulisho chake, na wenzetu wenye majina matatu kwenye kadi ya NIDA na mawili kwenye vyeti vya shule walishughulikie hilo mapema.

Mwisho nawageukia waajiri. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, taasisi zinazotunza taarifa za wanachama, wagonjwa na wanafunzi zina wajibu wa kisheria wa kuzilinda, na watu wa kuifanya kazi hiyo watatoka katika vyuo vyetu hivi hivi, MUST, Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU na vingine. Nafasi ya kazi ya anayeanza isitangazwe kwa sharti la CISSP. Kwenye usaili awepo fundi mmoja mwenye swichi mezani na swali moja la maski ya subneti. Na zile swichi na ruta za zamani zilizorundikwa stoo, ambazo kampuni binafsi zinaweza kuamua zenyewe pa kuzipeleka, zifutwe mipangilio na maneno ya siri yaliyomo, kisha zipelekwe kwenye maabara za vyuo vya ufundi. Ofisi yetu imekwisha kutenga swichi mbili na iko tayari kuzikabidhi kwa chuo kitakachokuja na barua.

Wako msomaji,
Fundi wa mitandao,
Uyole, Mbeya